Mwalimu aliyeshukuru kwa shamba la mawe



Mtu akikaribia mwaka mkubwa wa maisha yake, miaka 40, au 60, au 80, moyo wake hupenda kukaa chini na kufanya hesabu. Huyahesabu mambo aliyoyapata na mambo aliyoyakosa. Mara nyingi hesabu ya aliyoyakosa huwa ndefu kuliko ile nyingine, kwa kuwa kitu kilichotuponyoka twakikumbuka kila siku, lakini kitu kilicho mkononi twakisahau. Mimi niandikaye nakaribia miaka 40, na jioni moja, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, nalishikwa na hesabu ya namna hiyo. Ndipo nikakumbuka habari za mwalimu mwenzetu, mtu wa Ufaransa, aliyekufa zamani. Jina lake Jean-Henri Fabre. Watu wa elimu humjua kwa ajili ya vitabu vyake juu ya wadudu. Lakini leo nataka kuwaeleza jambo jingine: jinsi mtu huyo alivyouendea uzee akiwa na sababu nyingi za kunung'unika, naye akapata kila siku sababu ya kushukuru.

Fabre alizaliwa mwezi wa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa mdogo sana walimpeleka kukaa kwa babu na bibi yake, wakulima wa milimani, na huko alianza kutazama panzi na maua. Baadaye baba yake aliacha kulima, akajaribu kuuza kahawa mjini. Alihama mji hata mji, wala hakufanikiwa po pote. Mwishowe jamaa ikatawanyika, na kijana akajitafutia riziki mwenyewe. Aliuza malimau sokoni, akafanya kibarua penye njia ya reli. Lakini mwaka 1840 alishinda mtihani wa kuingia shule ya walimu ya Avignon, akasomeshwa bure. Mwaka 1842, hajatimiza bado miaka 19, akawa mwalimu katika mji wa Carpentras. Mshahara wake ulikuwa faranga 700 kwa mwaka mzima.

Siku moja aliwatoa wanafunzi wake nje ya mji, awafundishe kupima mashamba. Akaona kwamba wavulana hawaendi upesi. Mmoja anainama, mwingine anaokota jiwe, wa tatu anatia unyasi mdomoni. Kumbe, walikuwa wanafyonza asali! Juu ya mawe yale nyuki wa porini walikuwa wamejenga nyumba zao kwa udongo. Mwalimu mwingine angaliwakemea. Fabre akainama pamoja nao, akatazama, akaonja. Kisha akaenda kununua kitabu kilichoeleza habari za wadudu, ingawa bei yake ilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mzima. Tangu siku hiyo njia yake ilikuwa imeonekana.

Akajisomea peke yake usiku, hisabati na elimu ya viumbe, akapata vyeti vikubwa. Alifundisha katika kisiwa cha Corsica, tena tangu mwaka 1853 katika shule kubwa ya Avignon. Mwaka 1855 alitangaza jambo lililowashangaza wataalamu. Kuna nyigu achimbaye shimo ardhini na kuweka ndani yake dundu wadogo, wawe chakula cha watoto wake. Mtaalamu mmoja aitwaye Léon Dufour alikuwa ameona kwamba dundu hao hawaozi, akadhani nyigu huwatia dawa. Fabre akatazama kwa subira, akatambua kwamba dundu hawakufa. Nyigu alikuwa amewachoma mahali penye mishipa ya fahamu, nao wamepooza tu. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alimtaja Fabre katika kitabu chake cha mwaka 1859. Fabre hakukubali kamwe mafundisho ya Darwin juu ya mabadiliko ya viumbe, na katika jambo hilo elimu ya baadaye ilimpa Darwin haki. Hata hivyo wawili hao waliandikiana barua kwa heshima.

Basi, mtu wa namna hii angalistahili kupata maisha mepesi. Hakuyapata. Sikilizeni mapigo yaliyomjia mfululizo.

Zamani zile rangi nyekundu ya nguo ilitoka katika mizizi ya mmea uitwao garance, uliolimwa sana upande wa Avignon. Fabre alitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuitoa rangi hiyo safi kabisa, akitumaini kuwalisha watoto wake na kupata nafasi ya kuchunguza wadudu. Akafaulu. Lakini mwaka 1868 wataalamu wa Ujerumani wakavumbua namna ya kuitengeneza rangi ile ile pasipo mmea, na kazi yake yote ikawa bure.

Wakati huo huo alikuwa akiwafundisha wasichana mafundisho ya jioni, akawaeleza jinsi maua yanavyozaa matunda. Watu wengi wakachukizwa, na haifai kuficha kwamba watu wa kanisa walikuwamo. Wenye nyumba aliyoipanga wakamwamuru atoke. Ikambidi aiache kazi yake ya Avignon, akahamia Orange pamoja na mke na watoto, bila akiba. Rafiki yake John Stuart Mill, Mwingereza mwenye elimu kubwa aliyekaa Avignon karibu na kaburi la mke wake, alimkopesha fedha. Fabre akaandika vitabu vya shule usiku na mchana, akalilipa deni lote.

Pigo la tatu lilizidi yote. Mwaka 1877 mtoto wake Jules, kijana aliyependa maua na wadudu kama baba yake, aliyekuwa msaidizi wake, akafa. Fabre alipogundua aina mpya za nyigu, alizipa jina la mtoto huyo.

Ndugu zangu, mtazameni mtu huyu akiwa na miaka 55. Uvumbuzi wake umepotea, kazi ameiacha, mtoto amemzika. Miaka 60 inamkaribia. Je, angaliandika nini katika hesabu yake?

Mwaka 1879 alinunua kiwanja penye kijiji cha Sérignan, ukubwa wake karibu hektari moja. Wenyeji huita ardhi ya namna hiyo harmas, yaani ardhi ya mawe isiyolimwa. Hapakuwa na cho chote ila mawe, magugu ya miiba na majani makavu yenye harufu. Hakuna mkulima aliyeitaka. Lakini Fabre alikuwa ametamani miaka 40 kupata mahali kama hapo! Kwa maana nyigu na nyuki wa porini hupenda ardhi kavu, na maua ya miiba ni chakula chao. Tena mahali pake mwenyewe hapana mtu wa kumsumbua. Zamani alipokuwa akichunguza kando ya njia, wanawake watatu wanaokwenda kuchuma zabibu walimkuta asubuhi ameketi anatazama chini. Waliporudi jioni wakamkuta pale pale. Wakamhurumia kama mtu aliyepungukiwa na akili, wakafanya ishara ya msalaba, wakapita.

Tusimfanye malaika. Yeye mwenyewe aliungama katika kitabu chake kwamba furaha yake imechanganyika na huzuni, kwa sababu zawadi hii imekuja akiwa karibu na uzee. Na mahali pengine aliwasema kwa ukali wale waliomdharau. Lakini hakuketi kulilia miaka iliyopita. Kila asubuhi alivaa kofia yake nyeusi yenye ukingo mpana, akatoka kutazama ni nani amefika shambani. Shukrani yake ilikuwa hiyo: kutoka nje na kutazama.

Naye aliona mengi. Nyenje walipiga kelele mno juu ya miti mikubwa mbele ya nyumba. Fabre akaazima mizinga miwili ya kijiji, iliyopigwa siku ya sikukuu, akailipua chini ya miti. Nyenje hawakunyamaza hata kidogo! Mwaka 1896 aliwaona viwavi waendao kwa mstari, kila mmoja akimfuata aliyetangulia, wakizunguka ukingo wa chungu kikubwa cha maua. Walizunguka siku saba, katika baridi na njaa, na chakula chao kilikuwa karibu tu, lakini waliendelea kuzunguka tu. Tena, dundu yule aviringishaye mavi ya kondoo, Fabre alikuwa amemtafuta karibu miaka 40 ajue anataga yai lake wapi. Mwishowe kijana mmoja mchunga kondoo alifukua kitu chini ya ardhi, akamletea. Hakikuwa tufe kama watu walivyodhani, bali kilifanana na tunda la peasi, na yai lilikuwa ndani ya shingo yake nyembamba. Mzee akafurahi kuliko mtu aliyeokota dhahabu. Wala hakuona haya kuandika kitabuni kwamba mchunga kondoo ndiye aliyemfumbua macho.

Huko Sérignan nako huzuni ilimfuata. Mke wake akafa mwaka 1885. Baada ya miaka miwili akaoa tena, akajaliwa watoto watatu wengine, akiwa na umri wa kuwa babu yao. Watoto hao wakawa wasaidizi wake. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, mwanawe mdogo Paul alimwita baba yake aje upesi. Nondo wakubwa kama ndege walikuwa wamejaa chumbani. Asubuhi ile nondo jike mmoja alikuwa ametoka katika gamba lake, naye amewekwa chini ya kifuniko cha waya. Madume kama 40 walimjia kutoka gizani, pasipo kumwona. Mzee na mtoto wakasimama na mshumaa, wakistaajabu pamoja. Mambo haya yote aliyaandika katika vitabu kumi, tangu mwaka 1879 hata mwaka 1907. Kitabu cha kwanza kilitoka akiwa na miaka 55, na cha mwisho akiwa na miaka 83. Ndiyo kusema, kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote ilianza kutangazwa wakati ambapo wengi hudhani siku zao zimekwisha.

Vitabu hivyo havikumtajirisha. Katika uzee wake vitabu vyake vya shule viliacha kununuliwa, na umaskini ukarudi mlangoni. Ndipo rafiki zake, mwaka 1910, wakamfanyia sherehe kubwa Sérignan. Wenye elimu wakaja kumheshimu, na serikali ikamkumbuka. Mke wake wa pili akafa mwaka 1912. Mwaka 1913, alipokaribia kutimiza miaka 90, Rais Poincaré mwenyewe alikuja kumsalimu huko Sérignan. Fabre akafa tarehe 11 Oktoba 1915. Shamba lake la mawe likanunuliwa na serikali mwaka 1922, lihifadhiwe.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Kama angalingoja heshima ya mwaka 1910 ndipo ashukuru, angalingoja hata miaka 86. Na kama angalishukuru siku za furaha tu, angalikosa sababu mwaka 1877, na 1885, na 1912. Naona ya kuwa shukrani si hesabu inayofanywa mwishoni, mtu akiisha kuona kama amepata faida au hasara. Shukrani huanzia machoni. Asiyetazama hawezi kushukuru, kwa maana hajui amepewa nini. Twaweza kuzunguka miaka mingi kama viwavi wale, kazi hata nyumba, nyumba hata kazi, na chakula cha moyo kipo karibu yetu.

Asubuhi iliyofuata ile jioni ya hesabu zangu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Watoto wakachelewa. Waliingia darasani na mifuko imejaa kumbikumbi, na wengine walikuwa wakitafuna. Nalikuwa nimekwisha kufungua kinywa kuwakemea. Nikakumbuka wavulana wa Carpentras na asali yao. Nikawaambia waweke kumbikumbi mmoja mmoja juu ya meza, tukahesabu mabawa: manne, yote yanalingana. Mtoto mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akatueleza kwa nini mabawa huanguka upesi namna ile, jinsi alivyofundishwa na bibi yake. Nimekuwa mwalimu wake karibu mwaka mzima, nami sikujua kwamba anajua kusema vizuri hivyo.

Siku hiyo, katika sala ya jioni, sikuomba kitu. Nalitaja tu niliyoyaona, moja moja, mbele yake Yeye aliyeyaumba: mvua, kumbikumbi, mabawa manne, sauti ya mtoto yule. Nawe, ndugu msomaji, mwaka wako mkubwa ukikaribia, jaribu hivyo hivyo kabla ya kulala. Usianze na miaka yote. Anza na leo.