Semmelweis: kifo cha rafiki kilimfanya aangalie mikono yake

Kati ya mwaka 2018 na 2020, wakati Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu wa Beni na Butembo walizoea ndoo ya maji ya klore mlangoni: kanisani, shuleni, hospitalini. Karibu miaka 170 mbele ya hapo, kuna daktari aliyeweka maji ya namna hiyo mlangoni mwa maternite, na wenzake wakamkataa. Jina lake Ignaz Semmelweis.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 kule Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, nchini Hungaria. Alisomea udaktari Vienna, Austria, na mwaka 1846 akawa daktari msaidizi kwenye maternite ya Hospitali Kuu ya mji ule.

Maternite ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ingine ya wakunga. Kwa madaktari, katika kila wamama 100 waliozaa, karibu 10 walikufa kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 4. Mji mzima ulijua. Wamama walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa madaktari. Wengine walizalia njiani, na hao hawakushikwa sana na ile homa.

Wakubwa wa hospitali walikuwa na majibu tayari: ni hewa mbaya, ni woga wa wamama wenyewe. Basi hakuna aliyesumbuka. Padri alipita na kengele yake kwenda kwa anayekufa, kesho yake kitanda kikapata mama mwingine.

Semmelweis alishindwa kuzoea. Alibadilisha namna ya kulaza wamama wakati wa kuzaa. Alimuomba padri apitie njia ingine, bila kengele. Vifo viliendelea.

Machi 1847, rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa, alikuwa anapasua maiti pamoja na wanafunzi. Kisu cha mwanafunzi kikamkata kidole. Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini kwa siku chache akafa. Semmelweis alikuwa safarini Venice, akarudi na kukuta rafiki hayupo tena. Katika uchungu ule akasoma ripoti ya mwili wake, na alichosoma kilifanana kabisa na kile alichokuwa anaona kila siku ndani ya miili ya wamama.

Hapo akaelewa. Kama kisu kilipeleka uchafu wa maiti kwenye damu ya Kolletschka, ni nani aliupeleka kwa wamama? Kila asubuhi madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kupima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Na kati ya madaktari wale, Semmelweis ndiye alikuwa na bidii sana ya kupasua. Maana yake, mikono yake mwenyewe ilikuwa imeua. Hakuificha habari hiyo, baadaye aliiandika katika kitabu chake.

Mei 1847 aliagiza kila anayeingia anawe kwa maji ya klore. Aprili walikuwa wamekufa wamama 18 katika kila 100. Juni walikuwa 2 tu. Mwaka 1848, miezi miwili ilipita bila mama hata mmoja kufa kwa homa ile.

Lakini wakubwa wengi walikataa. Kukubali ni kusema kwamba na wao waliua. Kazi yake Vienna haikurudishwa, akarudi Hungaria mwaka 1850. Kitabu chake cha 1861 kilipokelewa vibaya, akaanza kuandika barua kali za kuwashambulia maprofesa. Mwishowe akili ikachoka. Alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa tarehe 13 Agosti 1865, akiwa na miaka 47, kwa kidonda kilichooza na kuingia kwenye damu, sawa na rafiki yake.

Miaka iliyofuata, kazi za Pasteur na Lister juu ya vijidudu zilionyesha kwamba kunawa kwake kulikuwa na maana. Jina la Kolletschka nalo limebaki vitabuni, kwa sababu kifo chake kilimwamsha mtu. Wamama waliokufa mbele yake walikuwa mamia, na kila mmoja wao alikuwa ameleta habari ileile.