Belyaev: Msomi aliyefichua siri ya mbwa kupitia kwa mbweha

MBWA ni mwandani wa binadamu wa tangu na tangu, mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji malishoni. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba nasaba yake inaanzia kwa mbwa mwitu wa kijivu, mnyama wa nchi za kaskazini, asiyepaswa kuchanganywa na mbwa mwitu mwenye mabaka anayepatikana katika mbuga zetu.

Ni vipi mnyama mkali kama huyo aligeuka kuwa kiumbe wa kutikisa mkia mlangoni? Mmoja wa wale waliojitolea mhanga kulifumbua fumbo hilo ni Dmitri Belyaev, mwanasayansi Mrusi aliyeaga dunia mwaka wa 1985.

Belyaev alizaliwa mwaka wa 1917 katika kijiji cha Protasovo, mkoa wa Kostroma, akiwa kitindamimba wa kasisi wa kijiji. Kakake mkubwa, Nikolai, alikuwa mtaalamu wa jeni, yaani chembe za urithi ambazo mzazi humpokeza mwanawe. Dmitri alifuata nyayo zake.

Njia hiyo ilijaa miiba. Mwaka wa 1937, enzi za utawala wa Josef Stalin, Nikolai alikamatwa na kuuawa kwa kupigwa risasi. Hata baada ya msiba huo, Dmitri hakugeuka nyuma. Alihitimu katika taasisi ya kilimo ya Ivanovo mwaka wa 1938, kisha akaajiriwa jijini Moscow katika maabara iliyotafiti ufugaji wa wanyama wenye manyoya ya thamani.

Nchi yake ilipovamiwa na Ujerumani mwaka wa 1941, alijiunga na jeshi na kupigana hadi vita vilipokwisha mwaka wa 1945, akarejea akiwa na cheo cha meja.

Alirejea na kukuta vita vya aina nyingine. Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa kipenzi cha Stalin, alikana elimu ya jeni na kudai kwamba sifa ambazo kiumbe huzipata kutokana na mazingira yake hurithiwa na wazao wake. Mnamo Agosti 1948, elimu ya jeni ilipigwa marufuku kote nchini, na Belyaev akapokonywa wadhifa wa mkuu wa idara.

Alilazimika kuendelea na kazi yake chini ya pazia la utafiti wa maumbile ya wanyama. Wakati huo, swali moja lilikuwa likimkereketa.

Aligundua kwamba wanyama wengi wa kufugwa hushiriki dalili zinazofanana. Mbwa, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, wote hawa huwa na mabaka meupe, na baadhi yao masikio yaliyolegea au mikia iliyojikunja. Dalili hizo ni nadra mno miongoni mwa wanyama wa mwituni. Je, mababu zetu walizichagua zote hizo moja baada ya nyingine?

Belyaev alishikilia kwamba walichagua jambo moja tu, nalo ni upole. Yaliyosalia yalifuata yenyewe.

Mwaka wa 1959, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa seli na jeni mjini Novosibirsk, Siberia, alianza kuipima dhana hiyo. Alimchagua mbweha wa rangi ya fedha, binamu wa mbwa mwitu, aliyefugwa kwa ajili ya manyoya yake. Usimamizi wa kila siku alimkabidhi mwanasayansi chipukizi, Lyudmila Trut.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza ila mgumu kutekeleza. Mtafiti alinyoosha mkono kizimbani na kutazama iwapo mbweha angeuma, angekimbia au angetulia. Wapole zaidi pekee, takriban asilimia 5 ya madume na asilimia 20 ya majike, ndio walioruhusiwa kuzaa. Hawakupewa mafunzo yoyote, ili upole wao usidhaniwe kuwa matokeo ya mazoea.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kufikia kizazi cha sita, baadhi ya watoto wa mbweha walikuwa wakimlilia binadamu na kumlamba mikono. Kati ya kizazi cha nane na cha kumi, walianza kuonekana wenye mabaka, masikio yaliyolegea na mikia iliyojikunja. Aidha, homoni zinazohusiana na hofu zilipungua katika damu yao.

Nyota ya Lysenko ilizimika baada ya Nikita Khrushchev kung'olewa mamlakani mwaka wa 1964. Mnamo 1978, kongamano la kimataifa la wataalamu wa jeni liliandaliwa Moscow, katika nchi ile ile iliyokuwa imeipiga marufuku taaluma yao miongo mitatu awali.

Kazi yake haijakosa wakosoaji. Mnamo 2019, watafiti walikumbusha kwamba ukoo wa mbweha hao ulitoka katika mashamba ya kisiwa cha Prince Edward, Kanada, ambako walikuwa wamefugwa kwa miongo mingi, na kwamba baadhi ya dalili hizo zilikuwapo kabla ya jaribio kuanza. Hivyo, haiwezi kusemwa kwamba mabadiliko yote yalizaliwa Siberia.

Hata hivyo, nguzo ya hoja yake ingali imara. Upole hurithiwa, na ukichaguliwa kwa subira, mnyama mkali hubadilika katika muda mfupi ajabu. Mnamo 2018, wanasayansi walichapisha ramani ya jeni za mbweha na kutambua sehemu zinazotofautiana baina ya wapole na wakali.

Belyaev hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Novemba 1985, akiwa na umri wa miaka 68. Trut aliuendeleza utafiti huo kwa miongo mingine, hata ukata ulipouandama baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika mwaka wa 1991, hadi naye alipoaga dunia mwaka wa 2024.