Dick Tiger: Bingwa wa dunia aliyechapwa mara 19

Hebu fungua simu yako uangalie rekodi ya bondia yeyote unayemshabikia. Namba ya kwanza ni ushindi, ya pili ni vichapo. Siku hizi wengi wetu tunakimbilia hiyo ya pili. Ikiwa si sufuri, tunaanza kusema jamaa ameisha, hana kitu.

Sasa soma hii: ushindi 60, vichapo 19, sare 3. Ungekutana nayo bila jina ungedhani ni ya bondia wa kulipwa nauli tu aje apigwe, si ndiyo? Kumbe ni ya Dick Tiger wa Nigeria, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati mara mbili, kisha akapanda uzani na kumnyang'anya mwingine mkanda. Jarida la The Ring lilimtaja kuwa bondia bora wa mwaka 1962, likarudia tena 1965.

Jina lake halisi lilikuwa Richard Ihetu. Alizaliwa Agosti 14, 1929 huko Amaigbo, mashariki mwa Nigeria, katika jamii ya Waigbo. Ujana wake ulipita akihangaika na kazi za sokoni mjini Aba, na 1952 akaanza kupigana kwa malipo. Miaka mitatu baadaye alifunga virago akaenda Liverpool, Uingereza. Huko tayari alikuwako Mnigeria mwenzake, Hogan Bassey, ambaye 1957 angekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa unyoya.

Na hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Kati ya mwisho wa 1955 na mwanzo wa 1956, Tiger alipanda ulingoni Uingereza mara nne. Akapigwa mara nne. Hebu jiweke mahali pake: una miaka 26, uko ng'ambo, baridi inakuuma mpaka kwenye mifupa, mapato ni haba, na kila pambano mwamuzi anauinua mkono wa mwenzako. Huwezi kumlaumu mtu ambaye angetafuta tiketi ya meli arudi Aba kimyakimya. Yeye alibaki, akaendelea kukubali mapambano.

Mei 1957 alipangiwa kijana wa London aliyekuwa akivumishwa kila mahali, Terry Downes. Mpango ulikuwa Downes apate ushindi rahisi. Tiger alimtwanga hadi pambano likasimamishwa, na huyo Downes si mtu wa kubezwa, maana 1961 alitwaa ubingwa wa dunia. Machi 1958, palepale Liverpool, Tiger akamwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa na kubeba ubingwa wa Himaya ya Uingereza.

1959 akahamia Marekani. Ukiangalia vichapo vyake vya miaka hii utaona kitu. Ni vya pointi, na mara nyingi aliyempiga anakutana naye tena. Joey Giardello alimshinda 1959, wiki chache tu baada ya Tiger kumshinda yeye. Wilf Greaves alimpokonya mkanda wa Himaya huko Edmonton, Kanada, Juni 1960. Kabla mwaka haujaisha Tiger alikuwa ameurudisha, tena bila kuwaachia majaji kazi.

Staili yake haikuwa ya madoido. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 8, kifua kipana, anakusogelea tu huku ngumi ya kushoto ikichimba mbavu. Kwa hivyo aliyejua kukimbia na kugusagusa angeweza kumwibia pointi. Aliyesimama kupigana naye, pole yake.

Gene Fullmer alisimama. Oktoba 1962, San Francisco, Tiger alimshinda na kuwa bingwa wa dunia. Wakatoka sare Las Vegas Februari 1963, na Agosti 10 mwaka huo wakakutana Ibadan, Nigeria, mbele ya watu wa nyumbani kwa Tiger. Fullmer hakuinuka kitini baada ya raundi ya saba. Hakuna pambano la ubingwa wa dunia lililokuwa limewahi kuandaliwa Nigeria kabla ya hilo.

Furaha haikudumu. Desemba 7, 1963, siku tano tu kabla Kenya ipate uhuru, Giardello alimvua taji kwa pointi mjini Atlantic City. Akazungushwa karibu miaka miwili kabla ya kupewa nafasi ya kurudiana. Katikati hapo akapoteza pia kwa Joey Archer. Oktoba 1965, ukumbini Madison Square Garden, Giardello hakuwa na pa kukimbilia tena, na taji likarudi.

Aprili 1966 Emile Griffith akamshinda kwa pointi. Tiger alikuwa na miaka 36, na wengi walimwona mzee. Desemba mwaka huohuo akapanda hadi uzani ambao wakati huo ulikuwa chini tu ya ule mzito, akampiga José Torres na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Waliporudiana Mei 1967 akashinda tena, na mashabiki wenye hasira wakarusha chupa.

Wiki mbili baadaye nyumbani kukavurugika. Mashariki mwa Nigeria kulijitenga na kujiita Biafra, na Julai vita vikaanza. Tiger aliegemea upande wa watu wake. Akapewa cheo cha luteni, kazi yake ikawa kuwafunza askari mazoezi ya mwili, huku akisafiri kwenda Marekani kutetea mkanda.

Mei 24, 1968 alikutana na Bob Foster: mrefu kumzidi kwa inchi saba, mdogo kwa umri, na ngumi kama nyundo. Katika raundi ya nne ngumi ya kushoto ya Foster ilimlaza chali. Mwamuzi akahesabu hadi kumi. Katika vichapo vyote 19, hicho ndicho pekee alichohesabiwa mpaka mwisho. Na Foster hakurudiana naye.

Hata hivyo hakustaafu. Mei 1969 alimshinda Nino Benvenuti, bingwa wa uzani wa kati wakati huo. Desemba 1969 akairudishia Uingereza nishani ya MBE iliyokuwa imemtunuku, akipinga jinsi ilivyoisaidia serikali ya Nigeria vitani. Mwezi uliofuata Biafra ikasalimu amri. Hapo hakukuwa na marudio ya kudai.

Julai 15, 1970 Griffith alimpiga tena kwa pointi, na hilo likawa pambano lake la mwisho. Bingwa huyu akachukua kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wageni wangapi walipita mbele yake wakiangalia picha za ukutani bila kujua anayelinda ni nani? Maumivu ya mgongo yalipomzidi madaktari wakakuta saratani ya ini. Serikali ya Nigeria, ile aliyoipinga, ikamruhusu kurudi. Alifia Aba, Desemba 14, 1971, akiwa na miaka 42.