Waksman: Bingwa wa udongo aliyemfichua bakteria mla salfa

MKULIMA wa Tarasaa, katika delta ya Mto Tana, anapochimbua shamba lake huwagusa viumbe wasioonekana kwa macho. Viumbe wa aina hiyo ndio ambao mwanasayansi Selman Waksman aliwachunguza maisha yake yote.

Waksman alizaliwa Julai 22, 1888 katika kijiji cha Nova Pryluka, Ukraine, iliyokuwa wakati huo chini ya milki ya Urusi. Kwa vile alikuwa Myahudi, njia ya kuingia chuo kikuu ilikuwa finyu kwake. Mnamo 1910 alihamia Marekani, akasomea kilimo katika Chuo cha Rutgers, New Jersey, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha California mnamo 1918.

Huko Rutgers, watafiti walikuwa wakichanganya udongo, salfa na mawe ya fosfeti ili kupata mbolea. Kutokana na mchanganyiko huo, Waksman na Jacob Joffe walimtenga bakteria wa ajabu, ambaye habari zake walizichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bakteria huyo hula salfa, hutoa asidi ya salfuriki na hustawi katika ukali unaoangamiza viumbe wengine wengi. Siku hizi huitwa Acidithiobacillus thiooxidans.

Siri yake imo katika jeni, jambo lililobainika miaka mingi baadaye. Jeni za kundi la sox, pamoja na nyinginezo, huelekeza utengenezaji wa vimeng'enya vinavyoipokonya salfa elektroni. Elektroni hizo hupitia utando wa seli hadi kwenye oksijeni, na safari hiyo ndiyo humpa bakteria nguvu za kujitengenezea chakula kutokana na hewa ya kaboni.

Viumbe hao wana faida na madhara. Huko Kasese, Uganda, bakteria wapenda asidi walitumiwa kuanzia 1999 kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi wa Kilembe. Lakini udongo wa mikoko wenye salfa nyingi ukikaushwa ovyo, bakteria kama hao huujaza asidi, mimea ikanyauka na samaki wakafa. Kwa wakazi wa delta yoyote, hilo si la kupuuzwa.

Sifa kuu ya Waksman ilitokana na streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuua viini iliyofaulu kutibu kifua kikuu. Iligunduliwa katika maabara yake mnamo 1943 na mwanafunzi wake, Albert Schatz, kutokana na kiumbe mwingine wa udongo.

Mnamo 1950 Schatz alimshtaki mwalimu wake akidai haki yake. Walipatana mwaka huo huo, Schatz akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza na kutengewa fungu la mapato. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya 1952 ilimwendea Waksman peke yake.

Waksman alielekeza sehemu kubwa ya mapato ya dawa hiyo katika kujenga taasisi ya mikrobiolojia huko Rutgers. Alifariki Agosti 16, 1973, akiwa na umri wa miaka 85.