Ronald Ross na Joto la Mbu

Mwaka huu nimeonelea nimlete kwenu Ronald Ross, ambaye tumemsikia katika Bayolojia lakini taabu zake hatuzijui.

Ross alizaliwa mwaka wa 1857 huko Almora, India. Alipenda mashairi na muziki, lakini babake, mwanajeshi wa Uingereza, alishikilia lazima asomee udaktari. Basi akasoma, na mwaka wa 1881 akawa daktari wa jeshi kulekule India.

Kuanzia 1895 alipasua mbu akitafuta kimelea cha malaria. Miaka miwili patupu! Malaria yenyewe ikamshika. Agosti 1897, mjini Secunderabad, joto lilikuwa si mchezo, lakini alikataa kupepewa asije akapeperushiwa mbu wake. Jasho lake lilishikisha kutu skrubu za hadubini. Tarehe 20 alipasua mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa siku 4 awali, akaona tumboni vijiduara vyenye chembe nyeusi. Kesho yake, ndani ya mbu mwingine, vilikuwa vikubwa zaidi.

Mimi naona joto lile lililomtesa ndilo lililomsaidia. Kimelea cha malaria kali hukua ndani ya mbu kulingana na joto. Katika nyuzi 25 za Selsiasi huchukua siku kama 12; katika nyuzi 20 ni karibu siku 28, na kufikia hapo mbu wengi wameshakufa. Chini ya nyuzi 16 hakikui. Joto likipita kiasi nalo humuua mbu na kimelea chake.

Sasa tazameni Eldoret yetu, mita kama 2,100 juu ya bahari. Hii baridi tunayoilalamikia kila Julai ndiyo askari wetu. Zikija wiki chache tu za joto pamoja na mvua, kimelea huwahi kukomaa kabla mbu hajafa. Tena sisi wa huku juu hatuna kinga kama ndugu zetu wa Kisumu, kwa hivyo malaria huangusha watoto na wazee pamoja. Miaka ya 1990 Uasin Gishu, Nandi na Kericho ziliyaona hayo.

Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902. Mashairi hakuyaacha. Alifariki London tarehe 16 Septemba 1932.