Mama Aliyeanza Tena

Susanna Wesley alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1669. Mumewe, Samuel, alikuwa kasisi wa Kianglikana katika mji mdogo wa Epworth. Walijaliwa watoto 19, lakini waliokua wakawa watu wazima ni 10 tu. Fedha ilikuwa haba. Mwaka 1705 Samuel alifungwa kwa ajili ya deni.

Mama huyu aliwafundisha watoto mwenyewe nyumbani. Mtoto alipotimiza miaka 5, kesho yake alianza masomo, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, tena saa 8 hadi saa 11. Karibu wote walijua herufi siku hiyo moja, wakaanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Binti hakufundishwa kushona kabla hajajua kusoma vizuri.

Februari 1709 nyumba yao iliteketea usiku. Mtoto John, mwenye miaka 5, alitolewa dirishani. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu, na waliporudi walikuwa wamezoea tabia mbaya. Susanna hakukata tamaa. Alianza upya, akifungua na kufunga masomo kwa zaburi. Kila jioni alizungumza na mtoto faraghani. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi.

Baadaye John na Charles walisoma Oxford, wakawa makasisi, wakaongoza uamsho mkubwa. Mama yao alifariki mwaka 1742.

Wazazi wapendwa, malezi ya miaka mingi yanaweza kuharibika kwa siku chache. Yakiharibika, na tuanze tena.