August Bier, daktari aliyeonja maumivu ya wagonjwa wake

WAFANYAKAZI wa visima vya mvuke vya Olkaria, karibu na Naivasha, wanajua kuwa maji yakitolewa ardhini bila kurudishwa, shinikizo la chini kwa chini hupungua. Ndiyo sababu maji yaliyotumika hurejeshwa ardhini. Mwili wa binadamu hauko mbali na hali hiyo. Majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yakivuja, shinikizo ndani ya fuvu hushuka, na kichwa huuma. Daktari Mjerumani August Bier aliujua ukweli huo kwa mateso yake mwenyewe.

Bier alizaliwa Novemba 24, 1861, huko Helsen. Baada ya kuhitimu udaktari, alifanya kazi mjini Kiel chini ya bingwa wa upasuaji, Friedrich von Esmarch. Enzi hizo wagonjwa walilazwa usingizi kwa dawa ambazo baadhi yao hawakuamka tena.

Mnamo Agosti 16, 1898, Bier alimdunga kibarua mmoja kokeini kwenye uti wa mgongo, akampasua kifundo cha mguu bila kuhisi uchungu. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa waliofuata waliumwa kichwa na kutapika.

Akitaka kujua sababu, Bier alijitoa kudungwa na msaidizi wake, August Hildebrandt. Bomba halikuingiana sawasawa na sindano, majimaji mengi yakamwagika, na jaribio likakatizwa. Ilipofika zamu ya Hildebrandt, ganzi ilishika barabara. Alipigwa nyundo kwenye muundi asihisi maumivu.

Baadaye Bier alishikwa na kichwa na kizunguzungu. Akiinuka, maumivu yalizidi, akilala, yalitulia. Alikaa kitandani siku tisa. Alipoandika habari hizo mwaka 1899, alihusisha ugonjwa wake na majimaji aliyopoteza.

Bier alifariki Machi 12, 1949, huko Sauen, alikokuwa amestawisha msitu. Mwaka 1960, daktari Mmarekani James Gormley alieleza jinsi ya kuziba tundu kwa kudunga mgongoni damu ya mgonjwa mwenyewe. Sindano nazo zimekuwa nyembamba zaidi.

Leo akina mama wengi hujifungua kwa upasuaji wakiwa macho, kutokana na njia aliyoianzisha Bier. Anayeumwa kichwa akiketi au kusimama, kisha akapata nafuu akilala, hapaswi kuambiwa kuwa anajisingizia. Amweleze daktari mapema, hata kama hakudungwa sindano yoyote, kwani majimaji hayo huweza pia kuvuja yenyewe.